Kichwa cha Kubishia Hodi

Maneno ya Maame Konadu yalikuwa machache, na ndiyo maana yaliuma. Alimtazama Ntim kuanzia viatuni akipanda taratibu. Suruali akaipitisha, shati akalisamehe, lakini alipofika kichwani akasimama hapo hapo.

"Kijana," akasema, "mwili unao, wa binadamu kabisa. Ila hicho kichwa hakiingii nyumbani kwangu."

Tumtendee haki mama wa watu: kichwa chenyewe kilikuwa na kesi ya kujibu. Ntim alikuwa mpiga rangi wa magari huko Suame, kwenye gereji za Kumasi, na nywele zake zilikuwa zimesahau kinyozi anafananaje. Kila gari aliloliremba lilimwachia kumbukumbu. Utosini alikuwa na njano ya teksi, sikioni kijani cha lori la mkaa, na kisogoni rangi ya fedha ya Benzi la mchungaji mmoja ambaye hadi leo hajamaliza kulipa. Serwaa, binti wa Maame Konadu, alizipenda nywele hizo hivyo hivyo zilivyo. Alisema akimwegemea tu anajua wiki hiyo mchumba wake amefanya kazi gani. Lakini mwenye mlango si Serwaa.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kubisha hodi. Mjomba wake Ntim, Mzee Badu, angetangulia na chupa mbili za pombe kali, Ntim akifuata nyuma na adabu zake zote, waseme wamepita njiani wakaona ua zuri ndani ya ua wa watu, sasa wanaomba ruhusa ya kulichuma. Wangekubaliwa au wangefukuzwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa na msemo ambao mtaa mzima uliujua: mlango wetu hubishwa mara moja. Muuza simu mmoja aliyewahi kubisha akiwa na soksi za rangi mbili tofauti hupita barabara ya mbali mpaka sasa. Ntim alimpenda Serwaa kiasi cha kusahau kula, na anayewajua wapiga rangi anajua hao hawasahau kula. Ndoa yake sasa ilikuwa imening'inia kwenye nywele, wala hasemi mtu kwa mafumbo.

Alhamisi akaomba ruhusa kazini, akatoka kutafuta kinyozi mzuri asiyekula mtu.

Duka la kwanza lilikuwa la vioo vitupu, na ndani kulikuwa na baridi ya mashine. Msichana akampa glasi ya maji kabla hajasema neno, na Ntim akajua papo hapo kwamba yale maji yamo kwenye bei.

"Kunyoa ni sedi ngapi, dada?"

"Mia na hamsini. Pamoja na kuoshwa, na kukandwa mabega."

"Mabega yangu hayana nywele."

"Ni huduma, kaka."

"Na nikiyaacha nje?"

Msichana hakucheka. Ntim akainywa ile glasi hadi tone la mwisho, akaaga. Alipokuwa akizunguka nyuma ya duka aliona jenereta kubwa limefunikwa turubai jipya, akajiuliza vinyozi na mijenereta wapi na wapi. Angelijua jibu kabla jua halijazama.

Duka la pili bei ilikuwa ya kibinadamu, lakini kinyozi alikuwa na simu katikati ya bega na shavu, anagombana na mpangaji wake, na kila neno kali lilishuka mkononi. Mteja aliyekuwa anatoka alikuwa na mstari wa mbele uliopanda mlima na kushuka. Ntim akamwamkia kwa heshima kama anavyoamkiwa majeruhi, akarudi nyumbani.

Mjomba Badu alikuwa anafunga mzigo wa safari. Alikuwa anakwenda kijijini kuchukua mkungu wa ndizi wa kuwapelekea wakwe, na zile chupa mbili, kwa kuwa huko kulikuwa na mtu anayemuuzia kwa bei ya zamani. Badu ndiye aliyemlea Ntim tangu mama yake alipofariki, akamsomesha na kumtafutia ufundi. Moyo alikuwa nao. Mkono ndio uliokuwa mzito kufunguka. Huyu ni mtu aliyezima redio kila matangazo ya biashara yalipoanza, ili betri zake zisiliwe na watu wa sabuni.

"Mia na hamsini?" Badu akaketi juu ya mzigo. "Kwani wanakupa kichwa kipya?"

"Ndiyo bei ya mjini, mjomba."

"Mjini kwa nani? Nenda kwa Pipim. Sedi kumi. Ananinyoa tangu hujazaliwa, umewahi kunisikia nalalamika?"

"Wewe una nywele sita, mjomba."

"Ndiyo maana nalipa nane. Nenda kwa Pipim, na ukirudi ufunge mlango, nikirudi nisikute kuku wa jirani kitandani kwangu."

Duka la Pipim lilikuwa la mbao, na juu ya mlango palikuwa pameandikwa MUNGU ANAKIJUA KICHWA CHAKO. Pipim mwenyewe alikuwa mzee mpole mwenye nywele zilizosimama upande na kulala upande. Ntim akasita mlangoni, kisha akajipa moyo: kinyozi hajinyoi, wahenga walishamaliza. Akaketi.

Na kumbe mjomba hakukosea. Pipim alikuwa na mkono wa dhahabu. Mashine ilipita kushoto ikinong'ona, rangi ya teksi ikaanguka, mkaa ukaanguka, na chini yake akatokea kijana mtanashati ambaye Ntim hakuwa amemwona tangu enzi za kipaimara. Alijitazama kwa jicho la kushoto kwenye kioo akajiona ameshaoa, ana watoto wawili, anaitwa baba fulani. Moyo ukamjaa. Karibu aimbe.

Umeme ukakata.

Mashine ilisema nyee, ikanyamaza. Barabara nzima ikaguna kwa pamoja, kisha kila mtu akaendelea na shughuli zake, maana hilo la umeme halikuwa geni kwa mtu.

"Unarudi saa ngapi?" Ntim akauliza.

"Jana walisema kesho."

"Na kesho yenyewe ni lini?"

Pipim akatoka kuuliza. Alirudi ameinamisha kichwa. Transfoma ya mtaa ilikuwa imeungua, na mafundi walikuwa wameitazama, wakatikisa vichwa, wakaondoka.

"Mzee wangu, huna jenereta?"

"Mwanangu," Pipim akasema bila kinyongo, "ningekuwa na jenereta, ungekaa kwenye hicho kiti kwa sedi kumi?"

Hapo Ntim akaelewa zile mia na hamsini zilikuwa za nini. Rahisi huvunja upishi, na leo upishi wenyewe ulikuwa kichwa chake, kushoto bwana harusi, kulia kichaka.

Pipim akachukua mkasi ili asawazishe. Akapunguza kulia, kulia kukawa chini kuliko kushoto. Akapunguza kushoto, kushoto kukazidi. Akarudi kulia. Waliendelea hivyo hadi zikabaki sehemu zilizoliwa na sehemu zilizosazwa, na wote wawili wakatazamana kwenye kioo. Wembe ukatolewa. Maji nayo yalikuwa hayatoki bombani tangu asubuhi. Watu husema "kunyolewa bila maji" kwa kutania. Ntim alinyolewa bila maji hivi hivi, kavu, mpaka kichwa kikawaka.

"Sitaki pesa yako," Pipim akasema, machozi yanamlengalenga.

"Chukua nusu, mzee."

"Nusu ya nini?"

"Ile ya kushoto. Ilikuwa nzuri sana."

Sasa basi. Pale Kumasi kipara cha mashine ni mtindo kama mitindo mingine. Lakini kipara cha wembe, kikavu, chenye mikwaruzo, kilichotokea usiku mmoja kwa mtu aliyekuwa na nywele jana, hicho kina maana yake tangu enzi za mababu: mtu huyu amefiwa na ndugu wa upande wa mama. Ntim alilijua hilo. Lakini aliyechanganyikiwa hajitazami kwa macho ya watu. Ijumaa asubuhi mikwaruzo ilikuwa bado inachuruzika, akatafuta kitambaa kitakachoficha damu, akaona chekundu, akajifunga kichwani. Akavaa ovaroli lake jeusi, la siku zote. Nyekundu na nyeusi, mavazi ya msiba kamili, akatoka kwenda kazini.

Wa kwanza kumwona alikuwa Atakora, fundi bodi, aliyekuwa akinyoosha mlango wa gari. Nyundo ikabaki hewani.

"Ntim. Pole sana, ndugu yangu."

"Ahsante," Ntim akasema, akifurahi kwamba kuna mtu aliyeona mateso yake. "Ndiyo dunia."

"Ilikuwaje?"

"Ghafla tu, kaka. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Mara upande wa kushoto ukawa umekwisha kabisa…"

"Upande wa kushoto!" Atakora akajishika kifua. "Ndivyo ilivyomwanza hata baba yangu. Halafu?"

"Halafu umeme."

"Umeme tena?"

"Umeme, bwana! Puu, kwisha. Mzee Pipim alijitahidi na mkasi, alijitahidi na wembe, lakini nikamwambia mzee, acha tu, hapa hakuna cha kuokoa."

Mafundi wengine walikuwa wameshasogea. Mmoja alivua kofia.

"Na mjomba wako, Mzee Badu?" Atakora akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayejua jibu.

"Mjomba? Amekwenda kijijini."

Nyundo zote za mstari ule zikanyamaza. Kwa Waasante, mtu mzima mwenye heshima zake hatajwi kwamba amekufa. Amekwenda kijijini. Ntim alikuwa na mkungu wa ndizi akilini, wenzake walikuwa na jeneza.

"Na lini… shughuli?" Atakora akauliza.

"Si kesho! Kesho ndiyo kesho."

"Kesho? Haraka hivyo?"

"Mjomba mwenyewe ndiye aliyesema. Hataki gharama za kusogezasogeza."

Atakora akatikisa kichwa. Katika nchi ambayo marehemu huwekwa kwenye barafu miezi ili mazishi yapangwe yakapangika, huyu anataka azikwe kesho yake. "Badu!" akasema, na sauti ikamkatika. "Hata kwa hili!"

Kofia ikazungushwa, ikarudi na noti, Atakora akamkabidhi Ntim kwa mikono miwili. Ntim akazipokea. Alidhani wanamchangia ubishaji hodi, wamemwonea huruma kwa kipara chake, akawashukuru mmoja mmoja. Wakamwambia kwamba anaonyesha ujasiri wa ajabu.

Simu yake ilikuwa imezimika tangu usiku, hakuna umeme wa kuichaji. Jioni akaingia nyumbani kwa mlango wa uani, asionwe na mtu wa upande wa Serwaa. Hakuwa ameketi vizuri mlango wa mbele ukagongwa. Akachungulia kwenye ufa. Maame Konadu! Amevaa nyeusi, amefuatana na wanawake watatu wa nyeusi. Hilo la nyeusi halikumshtua, ilikuwa Ijumaa, na Kumasi hakuna Ijumaa isiyo na msiba wa mtu. Kilichomshtua ni kwamba mama mkwe alikuwa amekuja kukagua kichwa kabla ya siku. Akaingia uvunguni. Walipiga hodi, wakaita, wakasikiliza, na kuku wa jirani akiwa naye huko huko uvunguni anamtazama bila huruma. Mwishowe wakaondoka, na Ntim akamshukuru Mungu.

Mjomba Badu alifika Jumamosi asubuhi, mkungu begani, chupa kwapani, amejifunga nguo yake nyeupe ya sherehe. Alimwona mpwa wake, mkungu ukamteleza.

"Nani amekufa?"

"Muulize kinyozi wako."

"Pipim amekufa?"

"Pipim mzima. Ila mimi ameniua."

Badu akazunguka kile kichwa, akasikiliza mkasa wote wa umeme. "Na umelipa ngapi?"

"Tano."

"Basi hukupunjwa," akasema, akainua mkungu wake. "Vua hicho kitambaa, unatutia nuksi. Twende."

Ntim akakivua, akakitia mfukoni. Njiani watu wachache walikimbilia ndani walipowaona, lakini Badu alisema ni adabu mbovu za siku hizi. Walipofika kwenye ukuta wa nyumba ya Maame Konadu wakasikia kilio. Ntim akachungulia langoni. Uani mlijaa watu, nguo nyeusi na nyekundu tupu, Atakora na mafundi wake wakiwamo. Walikuwa wamekusanyika hapo ili waende pamoja msibani. Katikati alisimama Maame Konadu.

"Jumatatu tu nilimtukana mtoto wa watu," alikuwa akisema huku akijifuta macho. "Kwa sababu ya nywele! Kumbe Mungu ananisikiliza. Leo Badu alikuwa aje kunibishia hodi. Basi nasema mbele yenu wote: Badu, hodi yako nimeisikia. Aliyekwenda kijijini habishi mara mbili. Mlango uko wazi, kijana amchukue Serwaa. Na chupa sitaki. Na pesa ya mlango sitaki."

Badu alikuwa amegandamana na ukuta. "Badu gani huyo?" akanong'ona. "Nani amekufa?"

"Wewe, nadhani."

"Mimi?" Akatega sikio tena. "Amesema chupa hataki?"

"Mjomba, tuingie tuwaambie!"

"Tulia wewe!" Badu akamkamata shati. "Acha nife kidogo. Mambo yanakwenda vizuri."

Ntim angeweza kutulia. Mlango ulikuwa umefunguliwa, tena bure, kilichobaki ni kunyamaza. Lakini aliinua macho akamwona Serwaa kwenye kona, ameketi chini, analia kilio kile cha kweli kisichojali kamasi. Kikamchoma. Akajivuta, vifungo viwili vya shati vikabaki mkononi mwa mjomba, akaingia uani kichwa wazi.

"Mama! Mjomba hajafa!"

Walipokiona kile kichwa kwa macho yao, kilio kikapanda upya. Maame Konadu akamkumbatia. "Najua, mwanangu. Hajafa. Amekwenda kijijini tu."

"Amerudi!"

"Sote tutarudi siku moja."

"Mama, nisikilize. Nimenyolewa vibaya tu!"

"Huzuni hainyoi vizuri, mwanangu. Mpeni maji."

Akaletewa maji, akaletewa kiti, akapepewa. Kila alivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kumhurumia, na bibi mmoja akasema ndivyo huzuni inavyoanza kumpandisha mtu wazimu, wamfunge kamba mapema.

Ndipo Mzee Agyekum, baba yake Serwaa, akasimama na kikombe amwage kinywaji kwa marehemu. Agyekum alikuwa mtu wa kweli tupu, kasoro ambayo mkewe alishindwa kumtibu.

"Badu," akasema akimwaga, "tulikuwa wote tangu utoto. Mtu mwema. Lakini tusidanganyane na wahenga wanasikia: mkono wako ulikuwa mgumu. Nzi akianguka kwenye supu yako, ulimkamua kwanza ndipo umtupe." Watu wakaguna, wengine wakakohoa kuficha kicheko. "Mazishi ya mama yangu, nani amesahau? Ulitoa rambirambi noti ya sedi ishirini, ukasimama mezani mbele ya watu, ukadai chenji ya kumi na tano!"

Hapo kicheko kikawashinda. Kilianza kwa mafundi, kikaenda kwa wanawake, hadi aliyekuwa analia kwa nguvu kuliko wote akawa anajipiga mapaja.

"Kumi!" sauti ikanguruma langoni. "Nilichukua chenji ya kumi! Usinizulie, Agyekum!"

Palepale langoni, katika nguo nyeupe kuanzia begani hadi kifundoni, mkungu begani, alisimama marehemu.

Mengi yametajwa juu ya dakika ile, na kila mtu anasema yeye hakukimbia. Ukweli ni kwamba Atakora aliruka ukuta ambao hajaweza kuuruka tena. Mzee Agyekum alikinywa kile kikombe cha wahenga chote. Yule bibi wa kamba alionekana mtaa wa tatu. Aliyebaki uani bila kukimbia ni Serwaa peke yake. Alimwendea Badu, macho yamevimba, akamshika mkono.

"Ana joto," akasema. Kisha akacheka huku bado analia. "Mjomba, una joto!"

Watu wakarudi kidogo kidogo, wakichungulia. Badu akaushusha mkungu, akaketi juu ya gogo. Ghafla alionekana mzee.

"Nilikuwa nasikiliza," akasema. "Nani alilia?"

Watu wakatazama viatu vyao.

"Maame Konadu alilia," mtu akajaribu.

"Huyo alikuwa analilia ulimi wake. Mimi, Badu. Nani alinililia mimi?" Akamtazama Serwaa, ambaye alikuwa bado amemshika mkono. "Mmoja," akasema. "Mtaa mzima, mmoja."

Hakuna aliyecheka. Mzee Agyekum akakohoa, akasema labda kweli ilikuwa kumi.

Maame Konadu sasa alikuwa ameshapata pumzi, na ulimi ukarudi nao. "Badu! Umenidanganya mpaka nimefungua mlango!"

"Sikusema neno hata moja. Nilikuwa nimekufa."

"Basi maneno niliyompa maiti nayarudisha. Huyu hapa anapumua!"

Ntim akasogea, akapiga magoti mbele ya mama mkwe, akaeleza yote: duka la vioo na maji ya bei, Pipim na upande wa kushoto, umeme, kitambaa chekundu, na mkungu wa ndizi kijijini. Alieleza hata uvunguni na kuku. Kisha akainamisha kichwa, akangoja. Mlango wa nyumba ile hubishwa mara moja, na yeye alikuwa amebisha kwa kipara kilichokwaruzwa na shati lisilo na vifungo.

Maame Konadu akamzunguka polepole. Akainama, akatazama utosi, masikio, kisogo. Akatafuta njano, akatafuta fedha. Hakukuwa na kitu, ngozi tupu.

"Nilisema kile kichwa hakiingii nyumbani kwangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hiki sicho."

Vigelegele vya Serwaa ndivyo vilivyoanza. Maame Konadu akainua mkono kuvizuia, akamgeukia Badu. "Lakini wewe umefufuka. Maiti haleti chupa. Aliye hai analeta. Toa, na pesa ya mlango pia."

Badu akatoa chupa moja. Akangoja. Akatoa ya pili.

Ikabaki ile rambirambi. Badu aliirudisha gereji mwenyewe, na hilo peke yake lilikuwa habari ya wiki, lakini Atakora akakataa kuigusa. Pesa ya msiba ikirudi nyumbani, alisema, inarudi kuchukua mtu. Badu akaiweka chini ya godoro, akailalia, akageuka, hakupata usingizi. Haikuwa yake na haikuwa ya mtu mwingine. Mwishowe akaenda kununua jenereta kuukuu pale pale Suame, Ntim akaipiga rangi, iliyobakia ya teksi, wakaibeba hadi kwa Pipim.

Siku mbili kabla ya harusi nywele za Ntim zilikuwa zimeota za kutosha. Pipim alikuwa amemaliza kushoto umeme ulipokata. Duka zima likashika pumzi. Pipim akatoka nje bila haraka, akavuta kamba mara moja, mara mbili, jenereta ikakohoa, ikanguruma, na kulia kukanyolewa sawa na kushoto. Sedi kumi, kama zamani. Serwaa alipokiona kile kichwa akakishika kwa mikono miwili.

Kisha Badu akaketi kwenye kiti na nywele zake sita.

"Kwa kuwa nimekuletea mashine," akasema, "utaninyoa bure mpaka siku nitakayokwenda kijijini."

Pipim akazima mashine, akainama. "Kijijini kwa ndizi, au kijijini kijijini?"

Badu akatafakari. Kwa ndizi alikuwa akienda kila mwezi.

"Kijijini kijijini," akasema. Akajitazama kwenye kioo kwa muda. "Na ukisikia nimekwenda, Pipim, funga duka uje ulie. Mmoja hatoshi."